Faili la viongozi limegoma: kufunga, kufungua na kusaini kwa GnuPG

Kila tarehe 5 katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hutuma faili moja kwa viongozi saba. Watatu tuko Mbeya mjini, mmoja Mbalizi, mmoja Tukuyu, mmoja Makambako na mmoja Iringa. Ndani mna majina ya wanachama, namba zao za simu, hisa zao, na nani anadaiwa shilingi ngapi. Karatasi yenye habari hizo ikiokotwa sokoni Mwanjelwa kuna ndoa zitatikisika, maana si kila mkopo unajulikana nyumbani. Na tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzitunza habari hizo si hisani tena.

Tunatumia GnuPG, programu ya bure ya kufunga mafaili yasisomwe na wengine na ya kuyasaini, aliyoianzisha Mjerumani Werner Koch mwaka 1997. Walio na Windows wameweka Gpg4win, ambayo huja na dirisha lake liitwalo Kleopatra. Mimi ndiye ninayepigiwa simu likigoma, na haya ndiyo ninayokutana nayo.

Kabla ya dalili, picha moja, kwa sababu nusu ya simu ninazopigiwa zinatokana na kuipata vibaya. Sanduku la VICOBA lina kufuli tatu, na washika funguo wote watatu lazima wawepo ndipo lifunguke. Faili hili haliko hivyo. Kompyuta hutengeneza ufunguo wa mara moja, ikafungia faili kwa huo, kisha ikauchonga ufunguo huo nakala saba na kila nakala ikaiweka kwenye kikopo chenye kufuli la kiongozi mmoja. Yeyote kati ya saba anafungua peke yake. Kufuli ndio ufunguo wa umma, unaoweza kumpa mtu yeyote. Kinachofungua kufuli ni ufunguo wa siri, na huo humpi mtu. Ndiyo maana faili la watu saba halinenepi mara saba. Vinavyoongezeka ni vile vikopo tu, navyo ni vidogo.

Saini ni jambo jingine kabisa. Nitalirudia huko mbele maana ndipo watu wanapojidanganya.

Faili linakataa kufungwa

Amri ya katibu ni hii:

gpg --sign --encrypt -r viongozi orodha.ods

Neno "viongozi" ni jina la kundi, lililoandikwa kwenye faili la mipangilio, gpg.conf, kwa mstari unaoanza na group viongozi = na kufuatiwa na alama za kidole za funguo saba. Alama ya kidole ni ile mistari ya herufi na tarakimu 40 inayoutambulisha ufunguo.

Ukiona "No public key" ilhali una hakika funguo zote saba unazo, tazama mstari huo kwanza. Programu huonyesha alama ya kidole ikiwa imekatwa vipande vya herufi nne nne ili isomeke. Mtu akiinakili hivyohivyo pamoja na nafasi zake, GnuPG inahesabu kila kipande kuwa ni mtu mwingine, kwa hiyo kiongozi mmoja anageuka kuwa kumi wasiojulikana. Ondoa nafasi. Na usijaribu kutaja kundi ndani ya kundi, haliendi zaidi ya hatua moja.

Ukiona "Unusable public key", mara nyingi ufunguo wa mmoja wenu umeisha muda. Hapa ndipo panapoudhi: ufunguo wa mtu mmoja ukiisha, faili halifungwi kwa yeyote. Sita wazima wanamsubiri mmoja. Mtafute kwa

gpg --list-options show-unusable-subkeys --list-keys

Aliyeisha ataandikiwa "expired" na tarehe. Wa kuurefusha ni mwenyewe tu, kwenye kompyuta yenye ufunguo wake wa siri. Usimkubalie mtu anayekuambia umtumie ufunguo wako wa siri akurefushie.

Sasa mtego. Ufunguo wa GnuPG kwa kawaida si mmoja. Kuna mkuu, unaotia saini, na chini yake kuna ufunguo mdogo unaofungia mafaili, na kila mmoja una tarehe yake ya mwisho. Kiongozi wetu wa Makambako aliurefusha ule mkuu, akanipigia kwa furaha, katibu akajaribu, palepale. Tulipoteza siku nzima. Kumbe mdogo ulikuwa bado umekufa. Mpangilio ni huu (ALAMA-KUU ni alama ya kidole ya ufunguo mkuu, ALAMA-NDOGO ni ya ule mdogo):

gpg --list-options show-unusable-subkeys --list-keys --with-subkey-fingerprint

gpg --quick-set-expire ALAMA-KUU 2y

gpg --quick-set-expire ALAMA-KUU 2y ALAMA-NDOGO

Utaelekezwa kwingine utumie nyota badala ya ALAMA-NDOGO ili ishike zote. Nyota hushika funguo ndogo ambazo bado hazijaisha. Iliyokwisha lazima uitaje kwa alama yake yenyewe.

Ukimaliza, toa nakala mpya ya ufunguo wa umma uwatumie wenzako, kwa sababu tarehe uliyoibadilisha iko kwako tu hadi waipokee:

gpg --armor --output ufunguo.asc --export ALAMA-KUU

Nimeweka --output kwa makusudi. Watu wengi wamezoea kuandika alama ya > ili matokeo yaingie kwenye faili. Kwenye PowerShell ya Windows alama hiyo huandika maandishi kwa mfumo mwingine wa herufi, UTF-16, na anayepokea anaambiwa "no valid OpenPGP data found". Akilifungua kwa macho linaonekana zuri kabisa, mistari yote ipo. Ndiyo inavyochanganya.

Dalili ya tatu ni swali: "There is no assurance this key belongs to the named user", kisha unaulizwa kama uutumie hivyohivyo. Hili si kosa. Programu inakuambia kwamba ufunguo una jina la mhazini, lakini jina mtu yeyote anaweza kuliandika. Kuna chaguo la kuizima, --always-trust, na nakiri niliwahi kumwekea katibu ili nilale. Niliiondoa. Dawa ni kumpigia mwenye ufunguo, yeye asome alama yake ya kidole, wewe ufuatilie kwenye skrini yako. Herufi zinazotumika ni sita tu, A hadi F, lakini kwa simu inayokatika E na A zinapotezana hasa mmoja akisoma Kiingereza na mwingine Kiswahili. Sisi tunasema A ya Arusha, B ya Bukoba, C ya Chunya, D ya Dodoma, E ya embe, F ya fagio. Zikilingana zote 40:

gpg --lsign-key ALAMA-KUU

na hutaulizwa tena. Piga kwa namba uliyokuwa nayo siku zote. Ile iliyoandikwa chini ya barua pepe iliyoleta ufunguo haithibitishi chochote.

Programu inasema ufunguo umetoka siku zijazo

Hii niieleze taratibu, kwa sababu sikuwahi kuiona imeandikwa popote.

Mhazini wetu wa Tukuyu ni mwalimu mstaafu. Siku tulipombadilishia katibu ufunguo, katibu aliutengeneza saa nne asubuhi, akamtumia. Saa tano simu ikaita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Huu ufunguo mpya unakataa kuingia. Nimesoma kila kitu kama ulivyoandika."

"Inasemaje?"

Akanisomea herufi kwa herufi, na mwishoni mkatokea maneno "time warp or clock problem", na kabla yake namba, sekunde 18,000 na ushei.

Ukikutana na namba hiyo, igawe kwa 3,600. Ilitoka saa tano. Yaani kompyuta yake iliamini kuwa ufunguo ungetengenezwa saa tano baadaye.

"Mwalimu, naomba unisomee saa iliyoko pembeni kabisa, chini kulia."

"Tano, sifuri sifuri. Si ndiyo saa tano?"

Ndiyo, ni saa tano. Ila kompyuta ilikuwa inadhani ni saa kumi na moja alfajiri. Mwalimu aliiweka saa kwa Kiswahili, kama alivyoweka ya ukutani, akazima kujisawazisha kwa sababu kila akiingia mtandaoni ilikuwa inamharibia. Kompyuta yake ilikuwa nyuma saa sita kamili; ondoa saa moja iliyopita tangu katibu autengeneze, zinabaki tano. Hesabu imetimia.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajiponya. Kesho yake asubuhi, hata kwa saa iliyochelewa, ufunguo ule tayari ni wa jana, na programu inanyamaza. Usingeuliza siku ileile usingejua kamwe, na mwezi mwingine mtu mwingine akibadilisha ufunguo linarudi. Tulikubaliana kompyuta ibaki na saa yake ya kizungu na yeye abaki na ya ukutani.

Namba ikiwa kubwa mno, mamilioni ya sekunde, au ikitajwa kwa siku, si saa ya Kiswahili. Ni betri. Kwenye ubao wa kompyuta ya mezani kuna betri ya duara kama sarafu, mara nyingi CR2032, inayoendesha saa umeme usipokuwepo. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Kwetu masika umeme unakatika vya kutosha kuigundua mapema. Dalili nyingine inayoambatana nayo ni tovuti nyingi kukataa kufunguka kwenye kivinjari zikilalamika kuhusu usalama. Betri inauzwa kwa mafundi saa. Lipo chaguo la --ignore-time-conflict la kuifanya GnuPG ipuuze saa, lakini ukilitumia mafaili utakayosaini yatabeba tarehe ya uongo, na tarehe ya kwenye saini ndiyo mtakayoishika siku mkibishana.

Faili limefika, halifunguki

"No secret key" maana yake kati ya vikopo vile saba hakuna ambacho kufuli lake unaweza kulifungua kwa kompyuta hii. Ama katibu hakukuweka kwenye kundi, ama alitumia ufunguo wako wa zamani, ama umehamia kompyuta mpya ukabeba ufunguo wa umma ukausahau wa siri. Hilo la mwisho ndilo la kawaida kuliko yote. Kagua:

gpg --list-secret-keys

Ikirudi tupu, jibu umelipata. Rudi kwenye kompyuta ya zamani, toa ufunguo kwa --export-secret-keys, uubebe kwa flashi, uingize kwenye mpya, na uifute flashi hiyo kabla hujamwazima mtoto aende kuweka nyimbo.

Ikiwa ufunguo wa siri upo, angalia faili lenyewe lilifungiwa akina nani:

gpg --list-packets orodha.ods.gpg

Utaona vitambulisho baada ya neno "keyid". Usishtuke visipofanana na mwisho wa alama ya kidole ya mtu: hivyo ni vya funguo ndogo. Linganisha na matokeo ya gpg --list-keys --keyid-format long, kwenye mistari ya "sub". Na ukumbuke kwamba kama wewe unaweza kuviona, yeyote atakayelinasa faili njiani ataviona pia. Hawezi kusoma kilichomo, lakini anaweza kujua limefungiwa funguo zipi, pamoja na jina la faili. Mtu anayeliita faili lake wadaiwa-sugu-juni ameshasema nusu ya habari.

Katibu mwenyewe alishafungiwa nje. Alituma faili, akafuta la wazi kama tulivyokubaliana, kisha akataka kuliangalia. Kwenye kundi alikuwa ameandika viongozi wengine sita, hakujihesabu. Ilibidi amwombe mhazini amrudishie. Weka mstari wa encrypt-to na alama yako mwenyewe kwenye gpg.conf, na kila utakachofunga utaweza kukifungua.

Ikiwa LibreOffice au Excel inasema faili limeharibika, uliza kwanza kama kweli limefunguliwa. Windows huficha kiambishi cha mwisho cha jina, kwa hiyo orodha.ods.gpg inaonekana kama orodha.ods, na mtu analifungua ndani ya LibreOffice akidhani ndilo. Washa kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili na jambo hili halitarudi.

Kama limekatika njiani, na kwa mtandao wa milimani hutokea, mwambie mtumaji naye apige hesabu ya SHA256 kwa faili lake, nawe kwa lako, yaani ile namba ndefu inayotokana na kila kilichomo ndani ya faili: certutil -hashfile orodha.ods.gpg SHA256 kwenye Windows, sha256sum kwenye Linux. Zikitofautiana hata herufi moja, litumwe upya. Usihangaike na kingine.

Nenosiri linalolinda ufunguo wako wa siri ukilisahau, halina dawa. Hakuna fundi, hakuna programu. Kiongozi mwenzako afungue nakala yake, wewe tengeneza ufunguo mpya, akufungie upya. Ukiwa kwenye Linux na unaambiwa "Inappropriate ioctl for device", hujasahau kitu; andika export GPG_TTY=$(tty) ujaribu tena.

Saini

Niliahidi kurudi hapa. Kufunga faili hakusemi nani amelifunga. Funguo zenu za umma zimesambazwa, na yeyote aliyenazo anaweza kuandika orodha yake ya mikopo, akaifunga kwa watu saba, ikafunguka vizuri kabisa kwenu nyote. Saini ndiyo inayosema imetoka kwa katibu na haijaguswa.

Kwa hiyo dalili mbaya kuliko zote haina ujumbe wowote. Mwezi mmoja katibu alitumia kompyuta nyingine akasahau --sign. Faili likafunguka, hesabu zikasomwa kikaoni, na katika watu saba hakuna aliyetambua kwamba ule mstari wa "Good signature" haukutokea. Mimi nikiwemo. GnuPG hailalamiki saini isipokuwepo, inafungua na kukaa kimya. Tangu hapo mwenyekiti huuliza kabla ya kusoma namba: "Mstari mmeuona?" Ukiwa na Kleopatra, soma kisanduku cha matokeo chote kabla hujakifunga.

Ukiona "Good signature" ikifuatiwa na onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa, hesabu ya saini ni sahihi ila hujathibitisha mwenye ufunguo. Fanya ile simu ya Arusha na Bukoba. Ukiona "Can't check signature: No public key", huna ufunguo wa aliyesaini, au ana funguo mbili za siri na kompyuta imechukua asiyoikusudia. Aweke default-key kwenye gpg.conf.

"BAD signature" watu huisoma kama wizi. Huenda ikawa, lakini kwanza uliza kama kuna mtu aliyeligusa. Saini ikiwa faili la pembeni, orodha.ods.sig, mtu akafungua orodha.ods, akapanua safu moja tu ya jedwali isomeke na kubofya hifadhi, saini imekufa. Hakubadilisha shilingi hata moja, lakini faili si lilelile. Picha ya stakabadhi iliyosainiwa ikitumwa WhatsApp kama picha, WhatsApp huibana na saini inavunjika; itume kama hati. Maandishi yaliyosainiwa usiyabandike kwenye ujumbe kabisa: nyota zinageuka herufi nzito na mistari inapangwa upya.

Baada ya maelezo hayo yote, likiendelea kuwa BAD kwa nakala iliyotoka moja kwa moja kwa katibu, msisome namba hizo kikaoni.

Mtu akiondoka, au kompyuta ikiibiwa

Kiongozi akimaliza muda wake, kufuta alama yake kwenye gpg.conf ya katibu hakutoshi, maana kila anayetuma ana mstari wake. Kwetu naibu katibu aliendelea kumfungia mstaafu kwa miezi miwili bila kujua. Sasa katibu hutunza orodha moja ya alama za kidole, akaisaini, na kila mmoja ananakili kutoka hiyo. Mafaili ya zamani mstaafu ataendelea kuyafungua. Hakuna amri ya kuyarudisha. Mgeni naye hataweza kuyasoma hadi mtu ayafungue na kumfungia upya.

Kompyuta ikiibiwa, iwe ndani ya basi au nyumbani, ufunguo wake unatakiwa kutangazwa umekufa. Tangu toleo la 2.1, GnuPG hutengeneza cheti cha kuufuta siku ileile ufunguo unapozaliwa, kikakaa kwenye kabrasha la openpgp-revocs.d. Tatizo kabrasha hilo limo ndani ya kompyuta iliyoibiwa. Kichapishe mapema kwenye karatasi. Cha kila kiongozi wetu kimo ndani ya bahasha kwenye kabati la mwenyekiti, pamoja na vitabu vya stakabadhi. Siku ya kukitumia, kichape upya kwa makini, na uondoe nukta pacha iliyowekwa mwanzoni mwa mstari wa vistari vitano, ambayo iko pale ili mtu asikiingize kwa bahati mbaya. Ukiiacha, utaambiwa tena "no valid OpenPGP data found", na utanipigia simu.